Maji Gani Yasiyovuja?

Sokoni Chwele, mwenye betri ya gari huuliza "maji ya betri", akaeleweka. Darasani jina hilo ni la hatari. Betri ya simu haina maji, ina kiowevu kiwakacho upesi. Mwanafunzi aliyeambiwa ni maji ataitoboa bila hofu. Ndiyo maana nashikilia tufundishe "elektroliti", ambayo yaweza hata kuwa yabisi. Katika miaka ya 1970 Peter Wright na wenzake huko Sheffield, Uingereza, walionyesha kwamba polima, jamii ya plastiki, ikichanganywa na chumvi fulani hupitisha ayoni. Mwaka 1978 Mfaransa Michel Armand akapendekeza itumiwe katika betri: haivuji, wala haiwaki upesi hivyo. Ila polima hiyo yataka joto la nyuzi 60 hivi ndipo ifanye kazi vyema, na simu yenye joto hilo haibebeki mfukoni.