Mwajiri Anatafuta Nini kwa Kijana wa Kilimo Hai?

Karo imelipwa, pengine kwa kuuza ng'ombe, na kijana amerudi nyumbani na cheti cha kilimo hai. Mbona basi wengine hawaandikwi kazi?

Mwajiri haangalii cheti tu. Anaweza kumpeleka kijana kwenye lundo la mboji lililochomekwa kijiti kirefu katikati. Anayejua kazi atakichomoa na kukishika. Kikiwa na joto, mboji inaoza vizuri. Kikiwa baridi na kikavu, lundo linataka maji. Kikinuka vibaya, maji yamezidi na hewa haipiti, ligeuzwe. Asiyejua ataanza kueleza maana ya mboji kama alivyoandika kwenye mtihani!

Lakini kuna ujuzi unaopita huo, na vijana wengi huudharau: kuweka kumbukumbu. Sukuma wiki iliyopuliziwa dawa na isiyopuliziwa ni sawa kwa macho. Kinachomridhisha mnunuzi ni daftari: mbegu zilitoka wapi, samadi ni ya nani, zilivunwa kilo ngapi na lini, jirani alipuliza nini mpakani. Tangu 2007 Afrika Mashariki ina viwango vyake vya kilimo hai na alama ya Kilimohai. Anayeuza Ulaya hufuata sheria za huko, na kwa miti kama parachichi shamba hutakiwa kukaa miaka 3 bila kemikali zilizokatazwa kabla ya mavuno ya kwanza kuuzwa kama ya kilimo hai. Miaka 3 ya kuandika.

Kikundi kikiwa na cheti cha pamoja, lazima awepo mkaguzi wa ndani wa kutembelea kila mwanachama angalau mara moja kwa mwaka. Kazi hiyo yaweza kuwa ya kijana wenu, lakini si rahisi. Kuna siku itabidi amwambie mtu wa rika la babake, "Mzee, samahani, chupa hii ya dawa nimeiona ghalani, lazima niiandike." Akificha kwa heshima, kikundi kizima chaweza kupoteza soko. Akiandika kwa kiburi, mzee hatamfungulia lango tena. Hayo hayafunzwi ubaoni.

Kwa hivyo akiwa bado nyumbani, mpeni daftari la kikundi. Azunguke mashamba ya wanachama, aandike, kisha asome mkutanoni mbele ya wazee wakimsahihisha. Siku ya kuomba kazi alibebe pamoja na cheti.