Umeme Mdogo wa Kutuliza Maumivu ya Goti

Mtu akipasuliwa na kuwekewa goti la bandia, siku za mwanzo maumivu huwa makali. Wengine huogopa hata kukunja mguu. Hapo ndipo hatari ilipo, maana goti lisilokunjwa hukakamaa. Na huku kwetu Kibosho au Marangu, ambako kila njia ni kupanda na kushuka, goti lililokakamaa ni kifungo.

Iko mashine ndogo ya betri inayosaidia. Inaitwa TENS. Mtaalamu wa tiba ya viungo (wataalamu hawa hufundishwa hapa hapa Moshi, KCMC) hubandika vipande vinavyonata kwenye ngozi, kando ya kidonda, si juu yake. Umeme mdogo hupita. Mgonjwa husikia mchomochomo, kama mguu uliokufa ganzi unapozinduka. Hisia hiyo hupita katika mishipa ya fahamu na kuyazibia maumivu njia. Melzack na Wall walilieleza jambo hili mwaka 1965, lakini kila aliyejikwaa akasugua kidole analijua.

Mashine haiponyi goti wala haichukui nafasi ya dawa. Huleta nafuu kiasi, hasa ikiwa imewashwa. Basi mazoezi yafanywe wakati huo.

Mwenye kifaa cha umeme cha kuendesha moyo asiitumie bila idhini ya daktari. Umeme wa nyumbani usijaribiwe kamwe, unaua. Na kidonda kikitoa usaha, homa ikipanda, au shavu la mguu likivimba na kuuma, usiwashe mashine. Rudi hospitali siku hiyo hiyo.