Je, Wajua? Ndani ya giaboksi kuna jua na sayari

Gari la otomatiki likiwa kwenye foleni ya Buguruni jijini Dar es Salaam, pale Barabara ya Uhuru inapokatana na ya Mandela, hubadili gia lenyewe kila linapoondoka. Siri yake ni gia za sayari. Katikati kuna gia iitwayo jua. Vigia vitatu au vinne, ndizo sayari, huizunguka vikiwa vimeshikwa na fremu moja, na nje kuna pete yenye meno upande wa ndani. Meno hayaachani kamwe! Kinachobadilika ni kipi kimezuiwa kisizunguke.

Chukua jua la meno 30 na pete ya meno 60. Zuia pete: jua likizunguka mara 3, fremu huzunguka mara 1 tu, na gari hupata nguvu ya kuondoka. Zuia fremu badala yake, pete itageuka kinyume. Hiyo ndiyo rivasi.

Zinazozuia ni sahani za klachi zilizofichwa ndani, zinazobanwa kwa shinikizo la oili. Oili ikipungua, sahani huteleza na kuungua, kwa hiyo usiipuuze. Ford Model T ya 1908 ilikuwa na gia za sayari tayari, ila dereva alizidhibiti kwa kukanyaga pedeli.