Mtoto Akitoka Upasuaji, Maumivu Yatulizwe

Akina mama wa vikundi wametuuliza: mtoto akitolewa kidole tumbo kwa matundu madogo, wala si kwa kupasuliwa tumbo wazi, mbona bado analia usiku?

Katika upasuaji huo tumbo hutobolewa mahali patatu hivi, kisha hujazwa gesi ili kamera ndogo ipate nafasi ya kuona. Vidonda ni vidogo, ndiyo, lakini misuli imetobolewa. Na ile gesi inaweza kumfanya mtoto ashike bega aseme linauma. Hadeki huyo. Zamani hata madaktari wengi waliamini mtoto mchanga hasikii maumivu. Mwaka 1987 utafiti wa Uingereza ulionyesha kwamba waliotulizwa vizuri wakati wa upasuaji walipata nafuu kuliko wenzao.

Sasa iko ganzi ya tumbo. Neva zinazobeba maumivu kutoka ukuta wa tumbo hupita ubavuni, katikati ya matabaka mawili ya misuli, kama waya uliofichwa kati ya mabati na dari. Mtoto akiwa bado amelala, daktari wa usingizi huangalia kwa ultrasaundi, akafikisha sindano pale pale na kumimina ganzi, kulia na kushoto. Njia hii ilielezwa mara ya kwanza mwaka 2001, wakati huo bila ultrasaundi. Ganzi inayotumika sana ni bupivakeini. Ikizidi, au ikiingia kwenye mshipa wa damu, inaweza kudhuru moyo, kwa hivyo hupimwa kwa uzito wa mtoto. Basi hakikisheni amepimwa kwa mizani, msikisie kilo. Pasipo na ultrasaundi, daktari anaweza kudunga ganzi kuzunguka matundu yenyewe. Nayo husaidia, msiidharau.

Je, mtoto atapooza? Hofu hii tumeisikia sana. Ganzi huisha yenyewe baada ya saa kadhaa. Mara chache mguu huwa mzito kwa muda, kwa hivyo asiteremke kitandani peke yake.

Jambo linalosahaulika ni hili: ganzi hutuliza ukuta wa tumbo tu. Maumivu ya ndani na ya bega hubaki. Tena huisha mara nyingi usiku, wakati mama naye amesinzia. Kwa hivyo paracetamol aliyoandikiwa apewe kwa saa zake, kwa kipimo cha daktari, hata kama mtoto ametulia. Msingoje kilio, maana maumivu yakishapanda kuyashusha ni kazi.

Kabla ya upasuaji muulizeni daktari wa usingizi: mtoto wetu atapewa ganzi gani, itaisha saa ngapi, na baada ya hapo atapewa nini? Kuuliza si utovu wa adabu. Na maumivu yakizidi badala ya kupungua, pamoja na homa, kutapika au tumbo kuwa gumu, mwiteni muuguzi mara moja, hata kama ni usiku wa manane. Mkiwa mmesharudi nyumbani, mrudisheni mtoto hospitali siku hiyo hiyo.