Mitambo ya Kinyinya na simu ya sikioni

Kwa miaka 50 kilima cha Kinyinya, wilayani Gasabo, kilipaza sauti ambayo jirani yake hakuisikia. Hapo ndipo redio ya Ujerumani, Deutsche Welle, ilipokuwa na kituo cha kurushia matangazo ya masafa mafupi, kilichoanza mwaka 1965 na kuzimwa Machi 2015. Kila mtambo mkubwa pale ulikuwa na nguvu ya kilowati 250. Wangapi waliotegea sikio Idhaa ya Kiswahili kwenye redio za betri walijua kuwa sauti ile inapitia Kigali?

Nimeikumbuka Kinyinya kwa sababu ya mazungumzo ya Biryogo, mtaa wa Waswahili wa jiji hili, ambako kikombe cha chai hakimaliziki bila mjadala. Mjadala wenyewe ni minara ya simu. Utasikia kwamba mnara ulio juu ya paa unaleta kansa, unaumiza kichwa, unafukuza usingizi. Na anayeyasema hayo, mara nyingi, ana simu sikioni kwa robo saa nzima.

Hapo ndipo hesabu inapogeuka. Simu ya 4G haizidi takriban robo ya wati. Ukiilinganisha na mtambo mmoja wa Kinyinya, ni sehemu moja ya milioni. Lakini antena za Kinyinya hazikuwekwa shavuni mwa mtu. Mawimbi ya redio hufifia haraka sana kadiri unavyojitenga nayo: ukisogeza chanzo kutoka mita 1 hadi mita 10, nguvu inayokufikia hupungua kama mara mia. Ndiyo maana mnara wa paa la pili, ambao huelekeza mawimbi yake mbele zaidi kuliko chini, hukupa kidogo kuliko hicho kidude ulichokibana begani huku ukimenya viazi.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa milimani wangelipenda wakilijua. Simu hupima inavyosikilizana na mnara. Mnara ukiwa karibu, inanong'ona. Ukiwa mbali au ukizibwa na mlima, inapiga kelele. Panda kilima cha Rebero uone mtandao ulivyojaa, kisha teremka bondeni nyuma ya kilima ambako mtandao unabaki mstari mmoja. Simu ni ileile, ila sasa inajikaza kwa nguvu zake zote. Simu ndogo ya tochi inayotumia 2G inaweza kufikia wati 2 katika mapigo mafupi, yaani wastani wa robo wati, na huanza kila wito kwa nguvu nyingi kabla ya kujipunguza. Kwa hiyo mtaa unaofukuza mnara usogezwe mbali unaweza kujiongezea kile kile unachokikimbia. Nakiri nilichelewa kulielewa hili. Lilinijia kinyume na akili ya kawaida.

Je, hicho kinachoingia kichwani kina madhara? Mawimbi haya hayana nguvu ya kuvunja kemikali za seli kama eksirei. Yanachoweza kufanya ni kupasha mwili joto, tena kidogo. (Lile joto unalolihisi sikioni baada ya maongezi marefu ni la betri na saketi zaidi kuliko mawimbi.) Kipimo chake huitwa SAR, na kikomo cha kichwa kinachofuatwa Ulaya ni wati 2 kwa kilo. Piga *#07# na simu nyingi zitakuonyesha taarifa zake. Vikomo hivi si pambo: Septemba 2023 Ufaransa ilisimamisha uuzaji wa iPhone 12 baada ya kupima wati 5.74 kwa kilo katika kipimo cha simu iliyoshikwa mkononi au iliyo mfukoni, ambacho kikomo chake ni 4. Apple ikarekebisha programu yake.

Neno kansa halikuzuka vijiweni tu. Mei 2011, wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliokutana Lyon waliyaweka mawimbi haya kundi la 2B, la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Humo mna pia majimaji yaliyokamuliwa kwenye jani zima la mshubiri. Mwaka 2024 uchambuzi wa tafiti 63, ulioagizwa na shirika hilohilo, haukuona uhusiano kati ya simu na saratani ya ubongo, hata kwa waliozitumia zaidi ya miaka 10.

Mimi bado naweka spika simu inapohangaika kutafuta mtandao. Hainigharimu kitu. Ila nikishuka Nyabugogo jioni na kumwona abiria wa pikipiki amechomeka simu ndani ya helmeti, mwendeshaji naye amegeuza shingo kujibu simu yake mwenyewe, na basi la mkoani linatoka kituoni, sifikirii mawimbi hata kidogo.