Mgonjwa ni Mmoja, na Mganga Awe Mmoja

Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI walipogunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, hapakuwa na dawa ya kuwapa. Na dawa za kupunguza makali ya virusi zilipoanza kutolewa bure hapa Tanzania mwaka 2004, zilianzia katika hospitali kubwa, kwenye kliniki za peke yake, zenye siku yake, mlango wake na faili lake. Ugonjwa ulitisha na dawa zilikuwa ngeni. Hatuwalaumu waliopanga hivyo.

Walakini mambo yamegeuka. Tangu mwaka 2016 kila anayekutwa na virusi huanzishiwa dawa bila kungojea mpaka adhoofike, na tangu mwaka 2019 wengi wamehamia kwenye kidonge kimoja cha kila siku, ambacho ndani yake mna tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Virusi vikishuka hata kipimo kisivione, wala hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Mtu huyu ataishi, atalea wana, atazeeka. Na akizeeka atapatwa na yale yanayotupata sote: shinikizo la damu, kisukari, magoti. Je, ni nani atakayemtibu hayo?

Sisi twasema ni mganga yule yule wa zahanati amtibuye jirani yake, tena twasema hivyo si kwa ajili ya huruma tu, bali kwa ajili ya dawa zenyewe. Dolutegraviri huzidisha katika damu metformini, ambayo ni dawa ya kisukari. Kwa hiyo kipimo cha metformini hakifai kupita miligramu 1000 kwa siku. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hufanya kinyume: huiondoa dolutegraviri mwilini upesi, hata mgonjwa hana budi kumeza miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Mama mjamzito naye hupewa vidonge vya madini ya chuma. Akivimeza pamoja na dolutegraviri hali tumbo ni tupu, chuma huinasa dawa isiingie mwilini vema. Yampasa avimeze vyote pamoja na chakula, au dolutegraviri itangulie kwa muda wa saa mbili.

Sasa fikirini, ndugu zetu: mtu mmoja, mafaili matatu, waganga watatu, na kila mganga hajui mwenzake ameandika nini. Na yule aonaye haya kumtajia mganga wa kisukari kile kidonge chake, huficha neno lile hasa ambalo mganga alihitaji kulijua. Kosa hapo si la mgonjwa, ni la mpango.

Kuna na jambo la ujira. Kibarua alipwaye kwa siku akienda Jumatatu kwa ajili ya virusi na Jumatano kwa ajili ya presha, amekwisha poteza malipo ya siku mbili. Mwezi ujao ataacha safari moja, na aghalabu ataiacha ile ya ugonjwa usiomwuma.

Wako wasemao kwamba zahanati haina wataalamu wa kazi hiyo. Hoja hii ilikwisha jaribiwa huko Lusikisiki, sehemu ya mashambani katika jimbo la Eastern Cape, Afrika Kusini, yenye hospitali moja na zahanati 12. Kuanzia mwaka 2003 hadi 2006 wauguzi wa zahanati hizo walifundishwa, wakasaidiwa na washauri waliotoka miongoni mwa wananchi, na daktari akawa anawazungukia. Hesabu ilipofanywa, hospitalini walikuwa wamepotea wagonjwa 19 katika kila 100, nao katika zahanati walipotea 2.

Tena tusisahau Januari 2025, Serikali ya Marekani iliposimamisha kwa ghafla misaada yake ya nje. Katika nchi nyingi watumishi waliokuwa wakilipwa na miradi ya UKIMWI walijikuta hawana kazi. Kliniki iliyojengwa pembeni hutikisika pamoja na mfadhili wake.

Lakini kumrudisha mgonjwa zahanati na kumwacha mtumishi mmoja mbele ya foleni ndefu ni kumhamishia taabu tu. Zahanati ipewe watumishi wa kutosha, mashine ya presha isiyokufa kila mwezi, kipimo cha sukari, na dawa za magonjwa hayo rafuni kama zilivyo zile za virusi. Wanachama walio katika kamati za zahanati waulize mambo hayo kikaoni, na kulidai jibu kwa maandishi.

Dirisha moja la dawa kwa wagonjwa wote lingeweza kuanza kesho bila fedha yoyote. Siri ya mgonjwa imekwisha lindwa na Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya virusi. Kinachomtangaza mtu mbele ya wenziwe wa kiwandani ni ule mlango wa pembeni, ambao kila apitaye njiani anajua ni wa nini.