Chupa za 'kuzima uzee' zimefika Kiswere

Maswali kuhusu chupa za 'kuzima uzee' yameanza tena kunifikia kutoka pwani ya Kilwa na Lindi, na wakati wake haunishangazi. Fedha za ufuta zikianza kuingia mifukoni, wauzaji wa virutubisho nao huingia vijijini. Wanayouliza wasomaji wa Kiswere yanafanana: mzazi ana miaka sitini na ushee, magoti yanamsumbua, ameshikishwa kichuma cha mashine iliyounganishwa na kompyuta, na baada ya dakika moja ameambiwa mwili wake umejaa inflamesheni ya uzee. Tiba aliyotajiwa ni vidonge vya manjano, mafuta ya samaki na vitamini D vya miezi mitatu, na alipe leo leo.

Nianze na hiyo mashine, kwa sababu inaniudhi. Kichuma cha kushika mkononi hakipimi inflamesheni, hakipimi ini wala figo. Inflamesheni, yaani kuwaka kwa kinga ya mwili, hupimwa kwenye damu, mara nyingi kwa kuangalia protini ya CRP inayotengenezwa na ini, na hata kipimo hicho husema tu kwamba kuna jambo linaendelea mwilini. Hakisemi kama jambo lenyewe ni uzee, jino bovu au nimonia. Anayekusomea orodha ya magonjwa kutoka kiganjani mwako anapiga ramli kwa kompyuta.

Hata hivyo hali yenyewe ipo. Mwaka 2000 mtafiti wa Italia, Claudio Franceschi, na wenzake walieleza kwamba kadiri umri unavyosogea, kinga ya mwili huanza kuwaka chini chini bila kidonda wala homa. Hali hiyo imehusishwa na magonjwa ya moyo, kisukari na kupungua kwa misuli. Chanzo chake kinavutia kuliko chochote kilichomo kwenye chupa. Seli iliyogawanyika mara nyingi, au iliyoharibika vinasaba, huacha kugawanyika. Nyingi hujiua au huondolewa na kinga, lakini uzeeni usafi huo hulegea, na zinabaki seli ambazo hazifi wala hazifanyi kazi yake. Hazikai kimya. Siku nenda siku rudi zinamwaga kemikali za kuita kinga, mojawapo ikiwa interleukini-6, na kemikali hizo huzeesha hata seli za jirani zilizokuwa nzima.

Kisha kuna mitokondria, sehemu za seli zinazozalisha nishati. Zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita zilikuwa bakteria wanaojitegemea, wakamezwa na seli nyingine na wakabaki humo. Hadi leo zina DNA yao zenyewe, na DNA hiyo inafanana na ya bakteria. Mitokondria zikichakaa na kuvuja, kinga huiona DNA ile na kudhani mwili umevamiwa, ikaanza kupigana na kitu ambacho ni sehemu ya mwili huo huo. Ongeza mafuta ya tumboni, ambayo hukusanya seli za kinga na kumwaga interleukini-6 yake. Ongeza ukuta wa utumbo unaopitisha vipande vya bakteria kwenye damu. Vyanzo vyote hivyo vinafanya kazi kwa pamoja, halafu mtu anakuahidi kuvimaliza kwa kidonge kimoja.

Wala kuizima inflamesheni kabisa si heri. Mwaka 2017 yalitangazwa matokeo ya jaribio la CANTOS, lililohusisha watu zaidi ya 10,000 waliowahi kupata shambulio la moyo. Walichomwa sindano inayozuia kemikali moja tu ya inflamesheni. Kwa dozi ya kati, matukio makubwa ya moyo na kiharusi yalipungua kwa takriban asilimia 15, lakini vifo vya maambukizi viliongezeka, na jumla ya vifo haikushuka. Hao walikuwa wagonjwa waliofuatiliwa kwa karibu na madaktari. Pwani yetu ina malaria, kifua kikuu na kichocho, na kinga inayolalamikiwa na wauzaji ndiyo inayotulinda.

Uzushi mwingine nisioweza kuupita ni wa 'ute wa magoti umekauka', ule unaowafanya watu wanywe maji ya bamia kila asubuhi. Goti si injini iliyoishiwa oili. Utando wa ndani ya kiungo hutengeneza ute huo muda wote kutokana na damu, na goti lililovimba kwa kawaida lina ute mwingi kuliko kawaida. Utelezi wa bamia humalizikia kwenye utumbo. Bamia ni mboga nzuri, iliwe kama mboga.

Tuje kwenye chupa. Kiini cha manjano, kurkumini, hakifyonzwi vizuri tumboni, ndiyo maana watengenezaji huchanganya na kiini cha pilipili manga. Utafiti wa mwaka 1998 ulionyesha mchanganyiko huo unaweza kupandisha kurkumini kwenye damu ya binadamu mara 20 kwa muda mfupi. Muuzaji hakuambii kwamba pilipili manga hufanya hivyo kwa kupunguza kasi ya mwili kuvunja na kuondoa kemikali, zikiwemo dawa nyingine unazomeza. Majaribio madogo yameonyesha nafuu kiasi kwa maumivu ya magoti, hilo nalikubali. Lakini madaktari Marekani wameripoti watu walioharibika ini kwa vidonge hivyo vyenye dozi kubwa. Manjano ya kwenye mchuzi haina ugomvi na mtu.

Jaribio la VITAL la Marekani lilipima mafuta ya samaki na vitamini D kwa watu 25,871 kwa takriban miaka mitano. Havikupunguza saratani wala jumla ya matukio makubwa ya moyo. Kuhusu vitamini D kuna kipimo cha hapa hapa Tanzania: mwaka 2012 watafiti walichapisha vipimo vya Wamasai na Wahadzabe wanaoishi kwa desturi zao, wakakuta wastani wa nanomoli 115 kwa lita, kiwango cha kutosha kabisa, kwa sababu ya jua. Mvuvi wa Kiswere anayeshinda baharini anauziwa kitu anachopewa bure kila siku.

Ninachokiogopa zaidi ni chupa inayofanya kazi haraka. Mgonjwa akikwambia maumivu yaliisha siku ya pili, shuku steroidi. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kuhusu Artri King, kirutubisho cha viungo kilichokutwa na deksamethasoni, ambayo ni steroidi, na dawa ya maumivu ya diklofenaki, ambazo hazikuandikwa kwenye lebo. Deksamethasoni hupandisha sukari, hudhoofisha mifupa, na inaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala. Kumficha mzee jambo hilo ili umuuzie 'mitishamba' ni kumdhuru kwa makusudi.

Ushahidi ninaoupenda umetoka Kilimanjaro. Aprili 2025, watafiti wa hospitali ya KCMC na wa Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi walichapisha jaribio la wanaume 77 wenye afya. Waliozoea chakula cha asili cha kijijini walihamishiwa kwa wiki mbili kwenye mlo wa kizungu wa vyakula vilivyosindikwa, na wa mjini wakapelekwa kwenye mlo wa asili wa mboga za majani, kunde, ndizi na nafaka zisizokobolewa. Kundi la tatu lilikunywa mbege, pombe ya ndizi, kwa wiki moja. Walioacha chakula cha asili damu yao ilionyesha inflamesheni ikipanda, na seli za kinga zikaitikia vijidudu kwa udhaifu zaidi. Walioelekea kwenye chakula cha asili, na wanywaji wa mbege pia, inflamesheni ilishuka. Sehemu ya mabadiliko ilikuwa bado inaonekana wiki nne baadaye. Ni vijana, ni wanaume watupu, na magoti hayakupimwa, kwa hiyo sitadai zaidi ya hapo. Lakini hakuna aliyepewa chupa.

Mwaka huo huo utafiti mwingine ulilinganisha wazee wa Italia na Singapore na Watsimane wa Bolivia na Waorang Asli wa Malaysia. Kwa makundi haya mawili ya mwisho, inflamesheni ilitokana zaidi na maambukizi, haikupanda na umri kama ilivyo Italia, wala haikufuatana na magonjwa ya uzee. Mzee wa Kiswere mwenye CRP ya juu anaweza kuwa na kichocho au jino lililooza.

Kwa hiyo mzee ale kunde, kisamvu, mtama, na vibua vya kuchemsha badala ya vya kukaangwa kwenye mafuta yaliyorudiwa. Aache tumbaku. Aimarishe misuli ya mapaja kwa kuinuka na kuketi kitini mara kadhaa kwa siku. Goti lenye joto, lililovimba, pamoja na homa, liende siku hiyo hiyo hospitali ya Kinyonga kule Kivinje au Sokoine mjini Lindi. Na aliyekwisha kutumia kidonge cha ajabu kwa wiki kadhaa asikiache ghafla, kwani kama kina steroidi mwili wake unaweza kuwa umeacha kutengeneza ya kwake. Aende hospitali na chupa yenyewe mkononi, hata kama lebo imechanika.